Maji ya Bomba: Anzia Jikoni, Siyo Kwenye Bili

Nilipokuwa nakusanya majibu ya utafiti wangu wa uchumi hapa Kampala, niliwauliza wenye nyumba: "Maji ya bomba yakiwa safi zaidi, uko tayari kuongeza kiasi gani kwenye bili?" Mama mmoja akanitajia kiasi kizuri, kisha akageuka kuchochea mkaa. Sufuria ya maji ya kunywa ilikuwa inachemka. Sikuuandika mkaa ule popote, na hapo ndipo nilipokosea: mama yule tayari alikuwa analipia usafi, ila hamlipi mwenye bomba.

Mdomo hutaja bei kwa urahisi, hasa mbele ya mgeni mwenye kalamu. Mwaka 2011 Michael Kremer na wenzake walichapisha utafiti wa Busia, Kenya, kuhusu chemchemi zilizojengewa ili zisichafuliwe. Mbali na kuuliza, walipima pia umbali ambao watu walikubali kuongeza kutembea ili wafike kwenye chemchemi safi. Thamani iliyoonekana kwa miguu ilikuwa ndogo mno kuliko ile ya mdomoni.

Kwa nini? Sisi Waislamu tuna pa kuanzia. Katika fiqhi tumesoma kuangalia rangi, ladha na harufu. Maji yasipobadilika, tunatawadha. Lakini hicho ni kipimo cha twahara. Vijidudu vya kipindupindu havina rangi. Mzee mmoja alinijibu, "Mwanangu, maji haya natawadhia, niongeze pesa ya nini?" Sikuwa na jibu la haraka.

Kuna na swali la haki. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza maji ya ziada, ingawa wanazuoni wengi wameruhusu kuuza yaliyokwisha kutekwa na kuhifadhiwa. Dawa, mabomba na umeme wa pampu vina gharama, sikatai. Ila asiyeweza kulipa akihesabiwa kuwa "hayuko tayari", tumemdhulumu kwenye jedwali. Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma mjini Madina akakitoa wakfu, bila kuwauliza watu watalipa ngapi.

Dodoso langu nimelibadilisha. Sasa swali la kwanza ni mkaa wa kuchemshia maji kwa wiki, la pili ni nani anayechemsha, na bili inakuja mwisho.