Dawa, Dhamira na Kiwewe cha Vita: Maswali ya Kimaadili katika Kumtibu Askari

Askari anaweza kurudi kutoka vitani akiwa na viungo vyote kamili, lakini akawa amejeruhiwa. Usiku huamshwa na jinamizi. Mchana hushtushwa na mlango unaobamizwa. Huwakwepa ndugu zake, na tukio lile lile humrudia bila kulialika. Hali hiyo ikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha yake, huitwa ugonjwa wa msongo wa baada ya kiwewe. Dawa za kuipunguza zipo. Linalojadiliwa hapa ni lini dawa humtumikia mgonjwa, na ni lini humtumikia mtu mwingine.

Daktari ni wa nani?

Swali hili lina umri wa zaidi ya karne moja. Mwaka 1915 daktari Charles Myers, aliyekuwa akiwahudumia askari wa Uingereza, aliandika katika jarida la Lancet juu ya wagonjwa waliopotewa na kumbukumbu na uwezo wa kuona baada ya makombora kulipuka karibu nao. Katika vita hiyo, baadhi ya maofisa walitibiwa kwa mazungumzo na W. H. R. Rivers katika hospitali ya Craiglockhart, Scotland. Askari wengine walihukumiwa kwa utoro au woga na kupigwa risasi. Mwaka 2006 Uingereza ilitoa msamaha kwa 306 kati yao. Hata Rivers, kwa upole wake wote, alitarajiwa kuwarudisha wagonjwa wake vitani.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa tatizo. Daktari wa jeshi ana mabwana wawili: mgonjwa aliye mbele yake na kikosi kinachomhitaji mgonjwa huyo. Kidonge kinachomwezesha askari kulala ni tiba. Kidonge hicho hicho, kikitolewa ili askari asiyepona arejeshwe kwenye risasi, kimekuwa chombo cha vita. Aidha, ridhaa ya mtu aliyezoea kutii amri haiwezi kuchukuliwa kirahisi kuwa ni ridhaa huru. Yampasa mtoa huduma kumweleza waziwazi ni taarifa zipi zitamfikia mkuu wake na zipi zitabaki siri.

Dawa zinaweza nini?

Nchini Marekani, setralini iliidhinishwa kwa ugonjwa huu mwaka 1999 na paroksetini mwaka 2001. Dawa hizi huhitaji majuma kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, huweza kupunguza hamu na uwezo wa tendo la ndoa, na hazifai kukatishwa ghafla. Kwa vijana walio chini ya miaka 25, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka katika siku za mwanzo za matumizi. Askari wengi wako katika umri huo, na wengi wao wana silaha karibu. Kwa hiyo ufuatiliaji wa karibu ni wajibu.

Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2023 kwa askari na maveterani unatanguliza tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe mbele ya dawa, na unaonya dhidi ya dawa za jamii ya diazepamu, ambazo huleta uraibu. Basi kumpa mgonjwa vidonge peke yake kwa sababu tu mtaalamu wa mazungumzo hayupo ni upungufu wa huduma, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo.

Je, ni halali kuififisha kumbukumbu?

Mwaka 2002 Roger Pitman na wenzake wa Boston walichapisha jaribio dogo la kuwapa propranololi watu waliofika hospitalini muda mfupi baada ya tukio la kutisha. Dawa hiyo ya moyo na shinikizo la damu huzuia athari za adrenalini, homoni inayosaidia kuikaza kumbukumbu ya hofu. Haifuti tukio, hulenga kupunguza makali yake. Majaribio yaliyofuata hayakuafikiana, na dawa hii haimfai mwenye pumu.

Mwaka 2003 baraza la maadili ya tiba lililomshauri Rais wa Marekani lilitahadharisha kwamba kupunguza uchungu wa kumbukumbu kunaweza kupunguza pia uzito wa matendo yenyewe. Hoja hiyo ina nguvu: askari aliyeua raia anapaswa kuweza kujuta, na aliyeshuhudia uhalifu anapaswa kuweza kutoa ushahidi. Lakini upande wa pili una haki yake pia. Asiyelala miaka mitano hatafakari dhamira yake, anateseka tu. Kumnyima nafuu kwa jina la maadili ni kumwadhibu bila hukumu.

Njia ya haki ni kutofautisha majeraha mawili. Hofu iliyokwama mwilini ni ugonjwa, na dawa inaweza kusaidia. Majuto ya mtu aliyevunja, au aliyeamriwa kuvunja, lile analoliamini kuwa haki ni jeraha la dhamira, ambalo daktari Jonathan Shay alilieleza baada ya miaka ya kuwatibu maveterani wa Vietnam. Dawa inaweza kumtuliza mtu huyo kiasi cha kuweza kuzungumza. Haiwezi kumsamehe.

Mambo ya kuzingatia

Kabla ya kuandika dawa, mtoa huduma ajiulize: nani ameomba tiba hii, na kwa lengo gani? Je, mgonjwa angeweza kukataa bila kuadhibiwa? Je, ameulizwa juu ya pombe, silaha na mawazo ya kujiua? Tarehe ya kuitathmini upya dawa imepangwa?

Mgonjwa naye anayo haki ya kujua jina la dawa, madhara yake na muda wa kuitumia, na haki ya kuomba mazungumzo pamoja na vidonge. Asiache dawa kimya kimya kwa kuona haya au kwa madhara asiyoyatarajia. Amwambie aliyemwandikia, hata kama anachotaka kusema ni kwamba bado halali.