"Malaria mbili tu"

Ukikaa kwenye foleni ya zahanati kandokando ya Ziwa Victoria, iwe Nkome mkoani Geita au kwingineko, hutakosa kumsikia mtu akisema: "Nimepimwa, nina malaria mbili tu." Hilo "tu" ndilo lililonishikisha kalamu.

Chembe nyekundu ya damu ya mtu mwenye afya ni laini, mfano wa kisahani kilichobonyea pande zote mbili. Ulaini huo ndio unaoiwezesha kujikunja na kupenya kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Sasa kimelea cha malaria aina ya falsiparamu, ambacho ndicho kinachoua zaidi huku kwetu, kikiingia ndani ya chembe hiyo hukaa humo takriban saa 48, na kwa muda huo huigeuza nyumba ya watu.

Mwanzoni, kwa nje, hakuna kubwa. Chembe huzunguka na damu, na mgonjwa akichomwa kidole huonekana kwenye hadubini. Lakini zikipita saa 16 hadi 20 hivi, ngozi yake huanza kuota vinundu vidogo mno ambavyo hadubini ya zahanati haivioni. Juu ya vinundu hivyo kimelea hupachika protini inayonata. Chembe inakuwa ngumu, inajibandika kwenye kuta za mishipa midogo, na inaacha kuzunguka. Kwa nini? Kwa sababu kwa ugumu ule ingepita kwenye bandama ingechujwa. Mwizi huyu anajua askari wanasimama wapi! Hatimaye chembe hupasuka, vimelea vipya 16 hadi 32 hivi hutoka kuvamia chembe nyingine, na homa hupanda.

Basi ile "mbili" ni hesabu ya waliokutwa barabarani. Waliojibandika kwenye ubongo wa mtoto hawakuhesabiwa, nao ndio wanaoleta degedege na kupoteza fahamu. Mtoto aliyelegea, asiyenyonya au asiyeamka vizuri, asirudishwe nyumbani eti karatasi imeandikwa mbili.

Kwa mjamzito maficho ni kondo la nyuma. Mwaka 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy, kwa utafiti wao wa magharibi mwa Kenya, upande wa pili wa ziwa hilihili, walionyesha kwamba vimelea vya kwenye kondo vina mnato wa namna yake. Kwa hiyo mama mwenye mimba ya kwanza, hata kama amekulia kwenye malaria, mwili wake haujawahi kukutana na sura hiyo. Damu ya kidoleni inaweza kuonekana safi huku kondo limejaa. Ndiyo maana kliniki humpa vidonge vya SP hata kama hajisikii homa yoyote.