Nati Ikigoma, Usikimbilie Bomba

Gereji nyingi za pikipiki zina kipande cha bomba kilichoegemezwa ukutani. Nati ikigoma, fundi anakivika kwenye mpini wa spana na kukilalia kwa uzito wake wote. Nati itafunguka au kitu kitakatika, na kinachokatika ni mali ya mteja, mara nyingi bodaboda ambaye pikipiki ikilala gereji hana hesabu ya kumpelekea bosi jioni.

Bolti nyingi zinazofunga makava ya injini za sisi 100 hadi 150 zina unene wa milimita 6, na vichwa vyake huchukua spana namba 8 au 10. Kawaida hukazwa kwa takriban nyutonimita 10. Ukishika spana ya sentimita 15, hiyo ni sawa na kusukuma kilo 7 hivi mwishoni mwa mpini, kazi ya kiganja tu. Sasa sukuma kilo 7 zilezile kwenye bomba la nusu mita: nguvu inayofika kwenye bolti inazidi mara tatu, kichwa kinabaki ndani ya spana na shina linabaki ndani ya alumini. Kwa bolti ndogo, basi, mpini mfupi ndio salama, kwa sababu mkono unasikia bolti inapoanza kujinyonga kabla haijakatika.

Kabla ya kuchagua kifaa, tafuta sababu ya nati kugoma. Angalia kama kuna washa yenye ulimi uliokunjwa juu ya ubavu wa nati. Kama upo, unyooshe kwanza kwa tindo nyembamba. Angalia pia uzi unaelekea wapi. Baadhi ya injini zina nati inayofunguka kwa kuzungushwa kulia, hasa kwenye gia ya krenki, na hapo kila nguvu unayoongeza kushoto inazidi kuikaza. Kitabu cha injini hiyo, au fundi aliyewahi kuifungua, atakuambia.

Baada ya hapo angalia kifaa kinavyokaa. Soketi yenye kona 6 inashika nati kwenye bapa zake, ilhali ile ya kona 12 inashika karibu na pembe, na pembe ndizo huliwa kwanza. Kwa nati ngumu chukua ya kona 6, isukume hadi ikae chini kabisa, na kama kuna matope au rangi kichwani, kwangua kwanza. Usichanganye spana za inchi na za milimita. Spana ya nusu inchi ina milimita 12.7, ukiivika kwenye nati ya 12 inaonekana kuingia vizuri, kumbe ina nafasi ya kutosha kumaliza kona zote sita. Spana malaya iache kabisa kwenye kazi hii.

Skrubu za nyota za kabureta na makava zina tatizo lake. Pikipiki za Kijapani, na nyingi zilizoiga muundo wake, hutumia nyota ya kiwango cha JIS, na bisibisi ya kawaida ya Phillips huchupa nje na kula msalaba wa skrubu. Tafuta bisibisi ya JIS. Nyingi za skrubu hizo zina kinukta kidogo kichwani cha kuzitambulisha. Ikishindwa, tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo, ile ambayo kila pigo hulisukuma jino ndani ya skrubu na kulizungusha kwa wakati mmoja. Hicho ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na kava unaloliokoa.

Kutu hudai subira. Pikipiki za Mombasa, Tanga na Zanzibar hula chumvi ya bahari, na bolti ya chuma iliyokaa ndani ya alumini huota unga mweupe unaoijaza nyuzi. Paka mafuta ya kupenya, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo mara kadhaa, kisha iache hata usiku mzima. Ukianza kufungua, kaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze. Ikisogea robo mzunguko na kuwa nzito tena, irudishe, ongeza mafuta, endelea. Anayelazimisha mzunguko mzima kwa mara moja ndiye anayekata bolti.

Moto ni dawa nyingine. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo pasha alumini inayozunguka bolti, si bolti yenyewe. Kwenye eksozi, ambako nati na studi zote ni chuma, pasha nati. Ondoa tangi na kabureta kwanza, futa mafuta uliyopaka, na usiupeleke moto karibu na magneti wala sili za mpira. Bolti iliyofungwa kwa gundi kali ya nyuzi huenda isilegee mpaka gundi ifike takriban nyuzi joto 250. Hapo mafuta ya kupenya hayasaidii.

Nati kubwa za sproketi, klachi na magneti ndizo zenye kuhitaji mashine ya impakti, yenye soketi nyeusi za kazi hiyo, kwa maana soketi za kung'aa zinaweza kupasuka. Impakti hupiga mapigo mafupi, hivyo haikulazimu kuifunga krenki kwa nguvu. Usichomeke bisibisi kwenye mapezi ya magneti ili kuizuia, wala usipige ncha ya krenki kwa nyundo; sumaku hupasuka na krenki hupinda. Nati ya duara yenye mikato minne inataka soketi yake yenye meno manne. Wengi huigonga kwa patasi, na vipande vya chuma vinavyomeguka huishia kwenye mafuta ya injini.

Studi ikishakatika na imebaki kichwa kidogo nje, mwite mchomeleaji aweke nati juu yake na kuichomelea. Joto la kuchomelea mara nyingi huilegeza kutu. Kifaa cha kung'oa bolti kwa kuizamisha ndani ni chuma kigumu sana, na kikivunjikia humo keekee ya kawaida haikitoboi.

Unaporudisha studi za eksozi, paka grisi ya shaba kwenye nyuzi. Na kama fedha yako inatosha kifaa kimoja tu wiki hii, nunua soketi nzuri ya kona 6, namba 10.