Mada nyeti darasani: usizifute, geuza swali

Anayefundisha watu wazima Kiingereza Unguja hupewa wosia mmoja mapema: pombe, nguruwe na mapenzi usiyaguse. Wachapishaji wa Uingereza wanaouza vitabu vya Kiingereza duniani kote wana wosia kama huo. Kwa miaka mingi waandishi wao wameambiwa wakae mbali na mambo saba: siasa, pombe, dini, ngono, dawa za kulevya, itikadi na nyama ya nguruwe.

Orodha hiyo inamlinda mchapishaji asikataliwe sokoni, lakini mwanafunzi wako haimfai sana. Wengi wanaokuja madarasa ya jioni mjini, Nungwi au Paje ni wahudumu wa mikahawa, waongoza watalii, wapokea wageni na manahodha. Kesho mgeni atamuuliza mmoja wao kama soseji ile ni ya nguruwe, na mwingine atakaribishwa bia. Ukiwaficha maneno hayo, umewaacha bila ulimi pale wanapouhitaji.

Ubaya haumo katika neno. Umo katika nafasi anayowekwa mwanafunzi. Zoezi linalomtaka ataje pombe aipendayo linamlazimisha aigize mtu mwingine au ajitetee mbele ya watu. Zoezi linalomtaka aikatae bia kwa adabu linamwacha na heshima yake, na msamiati anaupata uleule. Basi kabla ya kuruka ukurasa, jiulize: hapa mwanafunzi anahojiwa, au anaeleza? Kama anahojiwa, geuza swali.

Anza na haki ya kutojibu

Wiki ya kwanza fundisha “I’d rather not say”, kisha “No, thank you, I don’t drink” na “Could we talk about something else?” Zirudieni kwa sauti, kwa sababu kukataa kwa mkato kwa Kiingereza husikika kama ufidhuli hata kama msemaji hakukusudia. Mwanafunzi akikujibu wewe mwenyewe kwa mojawapo ya sentensi hizo, ujue somo limeingia. Usimuulize sababu.

Badili zoezi, bakiza sarufi

Vitabu hupenda kufundisha sentensi za masharti kwa “If I won the lottery”. Hiyo ni kamari. Muulize angefanya nini kama angeokota pochi Darajani, au kama angerithi shamba la mikarafuu Pemba. Sarufi ni ileile, na majibu huwa marefu zaidi kwa kuwa kila mtu ana la kusema.

Somo la kueleza sura za watu nalo huja na agizo la kumweleza mke au mume. Wapo wanaume wengi ambao kusimulia umbo la mke mbele ya wanaume wenzao ni kumvunjia mke heshima. Wape mama aliyepotelewa na mtoto bandarini, anamweleza askari: urefu wake, nguo zake, kovu la usoni.

Mti wa ukoo ndio mtego mkubwa. Humo mna talaka, wake wenza, watoto waliolelewa na bibi, na mambo ambayo hata majirani hawayajui. Tumia ukoo unaojulikana na wote: wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Zanzibar. Wanawe Majid, aliyeanza kutawala 1856, na Barghash, aliyemfuata 1870, walikuwa baba mmoja, mama mbali. Hapo “half-brother” inaeleweka mara moja, na hakuna aliyeanika ya kwao. Anayetaka kuchora ukoo wake atachora kwa hiari yake.

Usimfanye mtu mufti

Waislamu wa Zanzibar hawako namna moja. Wengi ni Sunni wanaofuata madhehebu ya Shafii, lakini wapo Maibadhi, Mashia Ithnaashari, Mabohora na Maismailia. Mmoja husoma maulidi kila mwaka, aliyeketi naye huyaona bidaa. Mmoja anapenda taarabu, mwingine hasikilizi muziki kabisa. Kwa hiyo swali la “Uislamu unasemaje kuhusu hili?” lina mitego miwili: linamtwika mtu mmoja mzigo wa kuwasemea wote, tena linawasha ubishi. Uliza badala yake “What do people in your family do?” au “What would you tell a guest?” Ubishi wa halali na haramu ukizuka hata hivyo, na bila shaka utakuwa kwa Kiswahili, wakumbushe kwa upole kwamba Ofisi ya Mufti ipo kwa kazi hiyo.

Mwili, sauti na saa

Siku za mwanzo waache watu wakae wanapotaka. Ukihitaji kuchanganya wanawake na wanaume, makundi ya wanne huwa mepesi kuliko jozi. Katika igizo la kumpokea mgeni, fundisha njia mbili: kupeana mkono, na kuweka mkono kifuani huku ukitabasamu na kusema “Nice to meet you”. Zote mbili ni adabu, na mwanafunzi achague yake.

Mwenye niqabu usimwambie aifunue ili uone mdomo. Mpe kadi mbili, “ship” na “sheep”, wewe utamke na yeye ainue anayoisikia. Akiwa nyumbani ajirekodi kwa simu, akutumie sauti. Picha na video za darasa zisiende kwenye kundi la WhatsApp bila ridhaa ya kila aliyemo.

Kitabu kikisema Waingereza huitana kwa jina la kwanza, hilo lieleze kama habari. Mwanafunzi aliyekuzidi umri mwamkie shikamoo, na aitwe Bi au Mzee kama anavyoitwa mtaani.

Kipindi cha jioni kiishe kabla ya magharibi. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, basi ipange mapema: sura ya vyakula ifundishwe kabla ya mfungo, na saa zibadilishwe ili watu wawahi kutayarisha futari.

Lililo zito kuliko pombe

Mada nyeti si za dini peke yake. Muongoza watalii akifika Mkunazini, kwenye kanisa kuu lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa 1873, ataulizwa: nani aliwauza? Mbele ya jumba la Beit el Ajaib ataulizwa kuhusu Mapinduzi ya Januari 1964. Darasani kwako huenda wamekaa pamoja mjukuu wa aliyepoteza jamaa mwaka ule na mjukuu wa aliyepewa ardhi.

Usiitishe mjadala wa nani alikuwa na haki. Fundisha vyombo vya kusimulia: “According to…”, “Historians disagree about…”, na kauli ya kutendwa kama “were sold”. Ila kauli hiyo isiwe kichaka cha kumficha mtendaji. Mwanafunzi ajue kuwataja waliokamata, waliosafirisha, waliouza na walionunua, pasipo kumgeuza jirani yake mshtakiwa. Aandike kwanza, asome baadaye.

Likiharibika

Siku moja mzaha utamchoma mtu, au picha ya kitabuni italinyamazisha darasa. Simamisha zoezi, omba radhi kwa sentensi moja, kisha wape dakika chache za kuandika ili sauti zishuke. Aliyeumia mfuate baada ya kipindi, faraghani. Asimamishwe mbele ya wenzake kueleza maumivu yake, hata kwa nia njema. Kipindi kinachofuata irudie mada ileile kwa swali lililogeuzwa. Ukiiruka, darasa litajifunza kwamba mada hiyo haizungumziki, nao wageni wataendelea kuwauliza.