MSUKO WA HADITHI HAUNUNULIWI

Leo nataka tujifunze juu ya msuko, na mfano wetu uwe filamu, kwani filamu sote twazitazama.

Msuko ni nini? Ukisema, "Mvua ilinyesha. Juma alichelewa shule," hayo ni matukio mawili tu. Ukisema, "Mvua ilinyesha, matatu ikakwama matopeni, Juma akachelewa," huo sasa ni msuko. Tukio moja limezaa jingine.

Tuitazame The Rise of Skywalker ya mwaka 2019, iliyoongozwa na J.J. Abrams. Ni filamu ya vita vya angani katika mfululizo wa Star Wars. Iligharimu zaidi ya dola milioni 250, na hata Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o yumo. Kwa macho yapendeza kweli. Lakini hadithi yenyewe, jamani!

Kwanza, adui mkuu, Palpatine, alitupwa shimoni katika filamu ya 1983 tukajua kafa. Huku twaambiwa eti amerudi. Amerudije? Wahusika wanadokeza maneno mawili matatu, basi, safari inaendelea.

Pili, Chewbacca anadhaniwa amekufa. Kabla machozi hayajakauka, twaonyeshwa yu hai katika chombo kingine. Roboti C-3PO naye anakubali kufutiwa kumbukumbu ili awaokoe wenzake, anawaaga, halafu baadaye anarudishiwa. Msiba ukifutwa mara mbili, nani ataogopa mara ya tatu? Hapo taharuki imekufa.

Mtu ataniuliza, "Mbona ilichuma zaidi ya dola bilioni moja?" Ni kweli. Lakini mimi naona watu walilifuata jina lililojengwa na filamu za kwanza tangu 1977.

Sasa linganisha na Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009. Ina dakika 21 hivi tu. Maji yamekwisha, watu wanaishi ndani wakisafisha hata jasho na mkojo wapate kunywa. Asha anapata udongo wenye unyevu, kwa hiyo anapanda mbegu. Mbegu inachipua, kwa hiyo anaomba kutoka nje. Ananyimwa ruhusa, kwa hiyo anatoroka. Mwisho anaunywesha mche maji yake mwenyewe. Sisi wa Kwale, tunaojua kiangazi cha Kinango, hatuhitaji kuelezwa thamani ya tone lile.

Wenzangu, kila msimu wa tamasha la drama ukifika twasikia: shule ya kutwa hatuna taa, hatuna mavazi, tutashindana na nani? Kalamu tunayo. Mchezo wetu ukiwa na msuko mzuri, hata kanga na kibatari vitatosha.

ZOEZI
1. Taja tukio moja katika hadithi uipendayo. Limeletwa na nini, nalo limeleta nini?
2. Liondoe. Hadithi ikibaki vile vile, tukio hilo lilikuwa na kazi gani?