Breki za Upepo za Lori la Zamani: Wajibu wa Dereva na Wajibu wa Kamati



Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo mara nyingi huachiwa dereva na fundi peke yao, nalo ni breki za lori. Saruji, mabati, mabomba ya maji na mahindi ya miradi yetu husafirishwa kwa malori ya zamani, na mara nyingi juu ya mzigo huo huwapo watu.

Miaka kadhaa iliyopita tulipakia saruji jioni ili lori liondoke alfajiri. Asubuhi dereva alikataa kutoka. Wananchi walikuwa wameshakusanyika kule kwenye ujenzi kusubiri kushusha mzigo, nami nilikasirika. Nikamwambia, "Jana gari lilifika salama, leo lina nini?" Akajibu kwa upole, "Jana lilikuwa tupu, Mratibu. Leo lina mzigo, na mbele kuna mteremko." Fundi alipoingia chini ya gari alikuta mpira wa ndani wa busta moja ya nyuma umechanika, na breki za upande wa pili zimelegea. Tulipoteza siku moja. Dereva alikuwa sahihi, na mimi niliyemsukuma aondoke ndiye niliyekosea.

Breki hizi zinafanyaje kazi?

Injini huzungusha kompresa, nayo hujaza upepo kwenye mitungi iliyo chini ya gari. Dereva akikanyaga pedali, upepo huenda kwenye busta za magurudumu. Ndani ya busta kuna mpira unaosukuma fimbo. Fimbo huzungusha mkono uitwao ajasta, na viatu vya breki hutanuka na kubana dramu ya gurudumu. Kwa hiyo pasipo upepo, pedali haina kazi.

Malori mengi yana pia springi yenye nguvu ndani ya busta za nyuma. Upepo ndio unaoizuia springi hiyo. Upepo ukipungua sana, springi hujifungua na kufunga magurudumu. Hata hivyo baadhi ya magari ya zamani hayana springi hizo, na mengine yana njia moja tu ya upepo, hivyo mpira mmoja ukipasuka breki zote za pedali hupotea. Kamati imwulize fundi gari lao ni la aina gani.

Ukaguzi wa kila asubuhi

Kazi hii haichukui muda mrefu. Gari liwe mahali tambarare, na magogo yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu.

1. Fungua koki za mitungi na kumwaga maji. Upepo una unyevu, na maji yakikaa ndani huleta kutu, huharibu vali na kupunguza nafasi ya upepo. Yakitoka mafuta mengi pamoja na maji, kompresa imechakaa.

2. Funga koki, washa injini na tazama geji. Kwa malori mengi mitungi hujaa inapokaribia bar 8, yaani kama pauni 120 kwa inchi ya mraba. Ikichukua muda mrefu kuliko kawaida, kuna kasoro.

3. Zima injini, achia breki ya mkono, na subiri dakika moja. Kisha kanyaga pedali kwa nguvu na kuishikilia dakika nyingine. Kwa lori lisilo na tela, baada ya ule mshuko wa kwanza wa kukanyaga, geji isishuke zaidi ya pauni 3 kwa dakika hiyo.

4. Kanyaga na kuachia pedali mara nyingi. Taa au kengele ya onyo inapaswa kufanya kazi kabla upepo haujashuka chini ya pauni 60, yaani kama bar 4. Onyo lililokatwa waya kwa sababu "linasumbua" lirudishwe.

5. Jaza upepo tena, zima injini, achia breki ya mkono huku magogo yakiwa mahali pake, kisha vuta kila ajasta kwa mkono. Ikisogea zaidi ya sentimita 2.5 hivi pale inapoungana na fimbo, breki imelegea.

Dalili na sababu zake

Upepo ukishuka hata bila kukanyaga pedali, tafuta uvujaji kwenye mipira, maungio na mitungi. Maji ya sabuni yatatoa mapovu mahali penye tundu. Ukishuka pale tu unapokanyaga, chunguza vali ya pedali na mipira ya busta. Gari likivuta upande mmoja, huenda breki za upande mwingine zimelegea au viatu vimelowa mafuta. Gurudumu likipata moto kuliko mengine, breki yake haiachii.

Breki zikikazwa, zikazwe pande zote mbili za ekseli. Tena busta yenye springi isifunguliwe barabarani kwa nyundo na spana. Springi ile imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua. Ni kazi ya fundi mwenye vifaa na ujuzi.

Kwa nini mteremko ndio unaofichua?

Breki iliyolegea inaweza kusimamisha lori tupu uwanjani, na wote wakaridhika. Lakini katika mteremko mrefu kama wa Kitonga mkoani Iringa au Sekenke mkoani Singida, breki hupata moto. Dramu ikipata moto hutanuka na kuviacha viatu nyuma, hivyo fimbo inapaswa kwenda mbali zaidi ili ibane. Kama ilikuwa imelegea tangu nyumbani, hufika mwisho wake kabla ya kubana. Dereva hukanyaga tena na tena, upepo humalizika, na gari halisimami. Watu husema breki zimekatika ghafla, kumbe zilianza kushindwa tangu asubuhi.

Kwa hiyo dereva aingize gia nzito kabla ya kuanza kushuka, ili injini isaidie kulizuia gari. Asisubiri mwendo uwe mkubwa, maana hapo gia inaweza kukataa kuingia.

Wajibu wa kamati

Kwanza, liwepo daftari la gari, na dereva aandike matokeo ya ukaguzi kila siku. Pili, matengenezo yawe na fungu lake katika bajeti ya mradi. Wahisani wetu mara nyingi husaidia kununua gari; tunawaomba wakumbuke pia mipira ya busta, viatu vya breki na ujira wa fundi. Tatu, dereva akisema gari halitoki, lisitoke mpaka fundi alitazame, na asikatwe posho kwa sababu ya kusema ukweli.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni nani mara ya mwisho alimwaga maji ya mitungi ya gari letu, na liliandikwa wapi?
2. Dereva wetu anaweza kuahirisha safari bila kuogopa kupoteza kazi?
3. Je, tuna fedha za matengenezo kabla gari halijaharibika, au tunachangishana baada ya ajali?

Tunaomba kamati zisome somo hili pamoja na madereva wao, na kuwasikiliza.