Somo la Juma: Je, Waliokufa Walikuwa Wakosaji Zaidi?

Luka 13:1-5, Kumbukumbu la Torati 22:8



Tarehe 5 Machi 2024 ndege mbili ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Moja ilikuwa ya Safarilink, imetoka Wilson kwenda Diani na watu 44. Nyingine ilikuwa Cessna 172 ya mafunzo, ndani mna mwalimu na mwanafunzi wake. Ile kubwa ilirudi Wilson salama. Ile ndogo ilianguka, na wote wawili wakafa.

Ajali kama hizi zikitokea, nasikia watu wakishuhudia: "Waliopona walikuwa na mtu wa maombi ndani." Kushukuru ni vyema, sikatai. Lakini ukisema hivyo, umesema nini juu ya wale wawili? Mzazi aliyezika mtoto wake, ameketi benchi la nyuma, anasikia kwamba hakuomba vya kutosha.

Sisi wa Kitui tunayajua haya. Tarehe 4 Desemba 2021 basi la wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilizama mto Enziu, na zaidi ya watu 30 wakafa. Ni nani atasema hao hawakuwa waombaji?

Yesu mwenyewe alitaja mnara wa Siloamu ulioua watu 18. Akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu. Akajibu: hapana. Tushike mambo matatu:

1. Kifo cha ghafla si cheti cha dhambi, wala kupona si cheti cha utakatifu.

2. Yesu aliwageukia walio hai akawaita watubu. Badala ya kuuliza marehemu alikosa nini, jiulize wewe umesimama wapi na Mungu leo.

3. Imani haifuti uangalifu. Mungu aliagiza nyumba ijengwe ukingo darini, mtu asianguke. Wachunguzi wanaotafuta chanzo cha ajali wanajenga ukingo huo. Na wewe, mto ukijaa, ngoja. Ukipanda bodaboda, vaa helmeti.

Zoezi la juma: mtembelee jirani aliyefiwa. Beba unga au maji. Usimweleze kwa nini Mungu aliruhusu. Keti naye, umsikilize, kisha mwombe pamoja.

Ee Bwana, tufundishe kulia na wanaolia. Amina.